Daraja la Jeraha la Bandama: Picha ya CT na Uamuzi wa Kusubiri

Kata ya Wazo, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam, imekua kando ya kilima cha chokaa ambacho kiwanda cha saruji kimekuwa kikikichimba tangu miaka ya 1960, na wakazi wake wengi huingia mjini kwa Barabara ya Bagamoyo, ambako malori ya saruji na kokoto, daladala, bajaji na bodaboda hugombea njia ileile kuanzia Tegeta hadi Mwenge. Mazingira ya namna hii huzaa majeraha ambayo jicho la kawaida haliyatambui kwa urahisi: usukani wa pikipiki unaomgonga dereva chini ya mbavu za kushoto anapovaana na gari, fundi anayeporomoka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, kijana anayepigwa teke la ubavuni, mtoto anayeanguka kutoka juu ya mwembe. Katika ajali hizi ngozi ya tumbo huweza kubaki nzima, pengine ikiwa na mchubuko mdogo tu, ilhali ndani kiungo kimepasuka na damu inajikusanya taratibu. Madaktari huyaita majeraha butu ya tumbo, kwa maana ya majeraha yasiyotokana na kisu, risasi wala kitu kingine chenye ncha, na viungo vinavyoumia mara nyingi zaidi katika majeraha hayo ni bandama na ini.

Bandama, ambayo vitabu vya biolojia huiita pia wengu, ni kiungo laini chenye rangi ya damu ya mzee, na kwa mtu mzima mwenye afya huwa na uzito wa takribani gramu 150 hadi 200. Imejificha upande wa kushoto wa tumbo la juu, nyuma ya mbavu ya 9 hadi ya 11, mahali ambapo mbavu huikinga zikiwa nzima na huweza kuichoma zikivunjika. Tishu yake imejaa damu, kwa kuwa karibu asilimia 5 ya damu yote inayosukumwa na moyo hupitia humo, na kinachoishikilia tishu hiyo ni utando mwembamba tu, kiasi kwamba pigo lililoelekezwa mahali penyewe huweza kuupasua. Katika nchi zenye malaria liko jambo jingine la kuongeza: bandama iliyovimba kwa sababu ya malaria ya mara kwa mara hushuka chini ya mbavu, ikatoka kwenye kinga yake ya asili, na utando wake ukiwa umevutika huweza kupasuka kwa pigo ambalo mtu mwingine angelisahau siku hiyohiyo. Taarifa za uchunguzi wa vifo zinazosomwa mahakamani, ambazo mara kwa mara hutaja kupasuka kwa bandama baada ya ugomvi uliohusisha ngumi na mateke, zinaeleweka vizuri zaidi mtu akilijua hilo.

Kwa miaka mingi jibu la upasuaji lilikuwa moja. Bandama iliyopasuka ilitolewa, kwa hoja kwamba mtu anaweza kuishi bila hiyo, na hoja hiyo ni kweli kwa kiasi fulani, kwa kuwa ini na uboho wa mifupa huchukua baadhi ya kazi zake. Lakini bandama huchuja chembe nyekundu za damu zilizozeeka na zile zilizoingiwa na vimelea vya malaria, hushiriki kutengeneza kingamwili, na zaidi ya yote huwanasa bakteria waliojifunika kwa ganda la sukari, hasa nimokoka, anayeleta homa ya mapafu na homa ya uti wa mgongo. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Marekani, Harold King na Harris Shumacker, walieleza habari za watoto wachanga ambao, baada ya kutolewa bandama kwa ajili ya ugonjwa wa damu, walipatwa na maambukizi makali yasiyo ya kawaida, na tangu hapo ikafahamika kwamba mtu asiye na bandama huweza kuanza na homa asubuhi na kuwa mahututi kabla ya siku kuisha. Hatari hiyo haitokei kwa wengi, lakini inapotokea huua kwa kasi, na haimalizwi na kupita kwa miaka. Kwa mtu anayeishi mahali ambapo mbu wa malaria yupo, na ambapo chanjo za watu wazima dhidi ya nimokoka si kitu cha kukipata katika kila zahanati, kupoteza bandama ni hasara nzito kuliko inavyoonekana siku ya kutoka wodini.

Picha ya jinsi tatizo hili linavyoonekana nchini ilitolewa na utafiti uliofanyika katika Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, kuanzia Machi 2009 hadi Februari 2011 na kuchapishwa mwaka 2012. Wagonjwa 118 wenye majeraha ya bandama walifuatiliwa. Wengi mno walikuwa wanaume, umri uliojitokeza zaidi ulikuwa kati ya miaka 21 na 30, takriban tisa kati ya kumi walikuwa na majeraha butu, na zaidi ya sita kati ya kumi waliumia katika ajali za barabarani. Wagonjwa zaidi ya wanane katika kila kumi walifanyiwa upasuaji, karibu wote waliopasuliwa walitolewa bandama, na karibu mmoja kati ya watano alifariki. Takwimu hizi zinapaswa kusomwa kwa heshima kwa madaktari waliozikusanya na kuzitangaza bila kuficha, kwa sababu zinaonyesha jambo ambalo si kosa la mpasuaji yeyote: pale ambapo hakuna namna ya kuona ndani ya tumbo, na mgonjwa amefika amechelewa akiwa amepoteza damu, kufungua tumbo na kuitoa bandama ndiyo njia salama iliyobaki. Asiyeweza kuona hana haki ya kusubiri.

Uwezo wa kuona ndio unaobadilisha hesabu. Hospitalini, kazi ya kwanza hufanywa kwa macho, mikono na mashine ya kupima presha: mapigo ya moyo yanayokwenda mbio, presha inayoshuka, mikono ya baridi, jasho, tumbo linalokaza, na wakati mwingine maumivu ya ncha ya bega la kushoto yasiyoelezeka, ambayo hutokana na damu kuusumbua msuli wa kiwambo unaotenganisha kifua na tumbo. Dalili hizi ni za thamani, lakini kutokuwepo kwake hakuthibitishi usalama, hasa kwa kijana mwenye afya, ambaye mwili wake hujitahidi kushikilia presha hadi dakika za mwisho, au kwa mtu aliyelewa au kuumia kichwa, ambaye hawezi kueleza anapoumia. Ndiyo maana idara za dharura zilizojengwa vizuri, kama ile iliyofunguliwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2010, huleta ultrasaundi kando ya kitanda. Daktari huiweka mashine sehemu chache za tumbo na kifua, akitafuta ukanda mweusi wa kimiminika kati ya ini na figo, kuzunguka bandama, kwenye nyonga na kuuzunguka moyo. Kipimo hiki huchukua dakika chache na hakina mionzi, lakini hujibu swali moja tu, kama kuna damu mahali ambapo haipaswi kuwepo. Hakisemi bandama imepasuka kwa kiasi gani, wala hakiwezi kumhakikishia mtu kwamba haikupasuka. Ifahamike pia kwamba karatasi ya PF3 kutoka polisi, ambayo majeruhi wengi huambiwa waje nayo, ni ya kisheria na ina kazi yake, lakini mtu anayevuja damu tumboni hapaswi kulala kwenye benchi akiisubiri.

Kipimo cha CT, ambacho Watanzania wengi hukiita sitii skani, ndicho kinachojibu swali la kiasi. Mashine yenyewe ni pete kubwa yenye chanzo cha eksirei upande mmoja na vipokezi upande mwingine. Vyote huzunguka mwili wakati kitanda kinapita katikati, na kompyuta hukokotoa jinsi kila sehemu ndogo ya mwili ilivyozuia mionzi, kisha huchora picha za vipande vyembamba kutoka kifuani hadi nyongani. Hesabu zilizowezesha jambo hilo zina mzizi wa Kiafrika, kwa kuwa Allan Cormack, mwanafizikia aliyezaliwa Johannesburg, alianza kulifikiria tatizo hilo alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, katikati ya miaka ya 1950. Mhandisi Mwingereza Godfrey Hounsfield ndiye aliyetengeneza mashine yenyewe, mgonjwa wa kwanza akapigwa picha London tarehe 1 Oktoba 1971, na wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Jina la Hounsfield limebaki kwenye kizio cha kupimia uzito wa kivuli cha kila tishu: maji ni 0, hewa ni hasi 1000, damu isiyoganda huwa kati ya 30 na 45, na damu iliyoganda huwa kati ya 45 na 70. Tofauti hiyo ndogo kati ya damu mbichi na iliyoganda ina manufaa makubwa, kwa kuwa damu huganda karibu na mahali ilipotokea, na daktari anayesoma picha akikuta bonge zito zaidi pembeni mwa bandama hujua aanzie wapi kutafuta mpasuko, hata kama damu nyingine imeshateremka hadi kwenye nyonga.

Bila dawa ya rangi, hata hivyo, picha ya CT ya bandama haitoshi. Dawa hiyo, yenye madini ya aidini na inayoitwa kontrasti, huchomwa kwenye mshipa wa mkono kwa kasi, na mgonjwa huhisi joto likimpita mwilini. Picha hupigwa kwa awamu. Awamu ya kwanza hufanyika takribani nusu dakika baada ya sindano, dawa ikiwa bado imejaa kwenye ateri. Ya pili hufanyika baada ya kama sekunde 70, wakati tishu zote za bandama zimekunywa dawa sawasawa. Na pale penye shaka hupigwa ya tatu baada ya dakika kadhaa. Msomaji asiye mzoefu huweza kupotoshwa na awamu ya kwanza, kwa sababu bandama nzima kabisa huonekana wakati huo ikiwa na milia kama ya punda milia, kutokana na damu kupita kwa kasi tofauti katika sehemu zake mbalimbali, na milia hiyo hudhaniwa kuwa mipasuko. Awamu ya pili huondoa utata huo: tishu yenye afya hung'aa kwa usawa, mpasuko hubaki mstari mweusi wenye kingo zisizonyooka, na mvilio wa damu hubaki doa jeusi. Kuna watu pia waliozaliwa na mikunjo kwenye bandama, ambayo hufanana na mipasuko isipokuwa kingo zake ni laini na pembeni hakuna damu.

Hapo ndipo upangaji wa madaraja unapoanza. Mfumo unaotumika zaidi duniani ni wa Chama cha Marekani cha Upasuaji wa Majeraha, unaojulikana kwa herufi AAST, ambao ulichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, ukarekebishwa mwaka 1994 na tena mwaka 2018. Una madaraja matano. Katika daraja la kwanza, damu iliyojikusanya chini ya utando haifiki asilimia 10 ya uso wa bandama, au mpasuko una kina kisichofika sentimita 1. Daraja la pili hufika pale damu iliyo chini ya utando inapochukua asilimia 10 hadi 50 ya uso, au mvilio ulio ndani ya tishu yenyewe ukiwa chini ya sentimita 5, au mpasuko ukiwa na kina cha sentimita 1 hadi 3. Daraja la tatu ni pale vipimo hivyo vinapozidi, yaani zaidi ya nusu ya uso, mvilio wa sentimita 5 au zaidi, mpasuko unaopita sentimita 3, au mvilio ambao wenyewe umepasuka. Kama kuna majeraha zaidi ya moja ya madaraja ya chini, daraja hupandishwa kwa hatua moja, lakini halivuki la tatu kwa sababu hiyo pekee.

Madaraja mawili ya juu yanahusu mishipa kuliko vipimo vya sentimita, na ndiyo yanayostahili kuangaliwa kwa makini kuliko yote. Hadi marekebisho ya 2018, mfumo ulipima zaidi umbo la jeraha, kama mpasuaji angeliona baada ya kulifungua tumbo, na jeraha lililoonekana dogo lingeweza kupewa daraja la chini hata kama ndani yake ateri ilikuwa imejeruhiwa. Tangu mwaka huo, jeraha lolote la bandama, liwe dogo namna gani, huhesabiwa kuwa la daraja la nne iwapo picha inaonyesha mshipa ulioharibika au damu inayovuja na kubaki ndani ya utando. Daraja hilohilo hupewa pia mpasuko unaokata mishipa ya lango la bandama na kuinyima damu zaidi ya robo ya kiungo. Daraja la tano ni bandama iliyosagika vipande vipande, au jeraha lolote ambalo damu yake inavuja na kumwagika nje ya bandama ndani ya tumbo. Ili kuyatambua haya, daktari wa radiolojia hulinganisha awamu. Damu inayovuja huonekana kama doa linalong'aa ambalo hukua kadiri dakika zinavyopita, kwa kuwa dawa inaendelea kutoka nje ya mshipa. Kijifuko kinachochomoza kwenye ukuta wa ateri iliyochanika hung'aa katika awamu ya kwanza kisha hufifia pamoja na mishipa mingine bila kukua. Hakivuji saa hiyo, lakini huweza kupasuka siku chache baadaye, mgonjwa akiwa ameanza kutembea wodini na ndugu wakiwa wameanza kuulizia lini ataruhusiwa. Hospitali inayopiga awamu moja tu ili kuokoa muda huweza kukosa kukiona kabisa.

Ni rahisi kudhani kwamba daraja likishajulikana, tiba imejulikana. Sivyo. Mwongozo uliotolewa na Jumuiya ya Dunia ya Upasuaji wa Dharura mwaka 2017 unaweka hali ya mgonjwa mbele ya picha: mtu ambaye presha yake imeanguka na haipandi hata baada ya kuongezewa maji na damu huhesabiwa katika kundi zito kuliko yote, bila kujali picha ingeonyesha daraja gani, na mahali pake ni chumba cha upasuaji. Kumsukuma mgonjwa huyo hadi kwenye mashine ya CT ni kumpotezea dakika ambazo hana. Kwa mwenye hali tulivu, daraja husaidia kukadiria uwezekano wa bandama kupona yenyewe. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2000, uliokusanya taarifa za watu wazima 1,488 katika vituo 27, ulionyesha kwamba miongoni mwa waliochaguliwa kutibiwa bila upasuaji, chini ya asilimia 5 wa daraja la kwanza walilazimika baadaye kupasuliwa, asilimia ikapanda hadi karibu 20 kwa daraja la tatu, theluthi moja kwa daraja la nne na robo tatu kwa daraja la tano, na zaidi ya nusu ya walioshindwa walijulikana ndani ya saa 24 za mwanzo. Kwa watoto matokeo ni mazuri zaidi, na kwa hakika ni madaktari wa watoto wa Toronto, Kanada, walioonyesha katika miaka ya 1960 kwamba bandama iliyopasuka inaweza kuganda na kupona bila kisu, wakati ambapo wenzao wa watu wazima hawakuwa tayari kuliamini jambo hilo.

Kati ya kisu na kusubiri kuna njia ya tatu, ambayo imeanza kupatikana nchini. Daktari huingiza katheta, yaani mrija mwembamba, kupitia ateri ya pajani au ya kifundo cha mkono, akaifuata kwa msaada wa picha za eksirei hadi kwenye ateri ya bandama, kisha akaziba sehemu inayovuja kwa nyuzi ndogo za chuma zilizojikunja au kwa vipande vya sponji ya jelatini. Bandama huendelea kuishi kwa damu inayopitia mishipa midogo ya pembeni. Huduma hii, inayoitwa tiba radiolojia, ilianza kujengwa Muhimbili mwaka 2018 kwa ushirikiano na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanzisha mafunzo ya shahada ya uzamili ili madaktari wa Kitanzania waifanye na kuifundisha wenyewe. Kwa majeraha ya bandama, maana yake ni kwamba daraja la nne lililoandikwa kwenye ripoti ya CT si tena tangazo la upasuaji, mradi ripoti imesema mshipa gani umejeruhiwa na mgonjwa anaweza kufikishwa Muhimbili, Upanga, akiwa bado ametulia. Kutoka Wazo hadi huko ni zaidi ya kilomita 20 za foleni.

Hapa ndipo penye uzito wa suala zima kwa wakazi wa pembezoni mwa jiji, wawe wa Wazo upande wa Kinondoni au wa Mbagala upande wa Temeke. Katika miaka ya karibuni serikali imenunua mashine za CT kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa, na hatua hiyo inastahili kupongezwa bila kusitasita, kwa kuwa miaka michache tu iliyopita mgonjwa wa mkoani alilazimika kusafiri hadi jiji lingine kwa kipimo hicho. Lakini mashine hutoa picha, haitoi saa za uangalizi. Kumtibu mtu mwenye bandama iliyopasuka bila kumpasua ni tiba kamili, na inadai vitu ambavyo haviandikwi kwenye jiwe la uzinduzi: muuguzi anayepima presha na mapigo ya moyo kila saa usiku kucha, maabara inayoweza kurudia kipimo cha wingi wa damu kila baada ya saa 6 au 8, chupa za damu ya kundi lake zikiwa zimeshaandaliwa, na mpasuaji pamoja na mtaalamu wa usingizi wanaoweza kuitwa saa nane za usiku wakafika. Pale ambapo muuguzi mmoja anahudumia wodi iliyojaa, jeraha la daraja la tatu linaweza kuwa la hatari kuliko la daraja la nne lililo chini ya uangalizi mzuri. Mpasuaji anayeamua kuitoa bandama katika hospitali isiyo na damu ya akiba wala uangalizi wa usiku hapaswi kulaumiwa na mtu aliyesoma mwongozo wa nchi nyingine.

Usomaji wa picha nao unahitaji mtu. Madaktari bingwa wa radiolojia nchini ni wachache, wengi wao wako katika miji mikubwa, na picha ya jeraha ikipigwa usiku huweza kungoja hadi asubuhi ndipo isomwe na bingwa. Utumaji wa picha kwa mtandao kwenda kwa msomaji aliye mbali umepunguza pengo hilo, lakini daktari wa zamu anayejua mambo matatu tu, yaani kutafuta bonge la damu karibu na bandama, kulinganisha awamu mbili na kupima kina cha mpasuko, tayari anaweza kumtofautisha mgonjwa wa kubaki na mgonjwa wa kupelekwa mbele usiku huohuo. Hata mabingwa hutofautiana daraja moja juu au chini wanapoisoma picha ileile, na kwa sababu hiyo ripoti nzuri haiishii kwenye namba. Hueleza kina, ukubwa wa mvilio, hali ya mishipa, kiasi cha damu tumboni, na majeraha mengine, kwa kuwa pigo lililoivunja bandama mara nyingi halikuishia hapo, na mbavu, figo ya kushoto, kongosho na pafu huwa njiani.

Kipimo chenyewe kina gharama zake. Mionzi ya CT ya tumbo hukadiriwa kuwa takribani milisiviti 10, ambayo ni sawa na miaka kadhaa ya mionzi ya asili ambayo kila mtu huipata kutoka ardhini na angani. Matumizi yake nchini husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Kwa mtu mzima anayeweza kuwa anavuja damu, hatari hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na faida, ilhali kwa mtoto hupaswa kupimwa kwa uangalifu zaidi, na kurudiarudia picha bila dalili mpya hakufai. Dawa ya rangi huhitaji tahadhari kwa wenye matatizo ya figo na kwa waliowahi kupata mzio wake. Kwa asiye na bima bei ya kipimo bado ni mzigo, na familia nyingi hulazimika kuchangishana kwenye kikundi cha simu kabla ya mgonjwa kuingizwa katika chumba cha mashine. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyotungwa mwaka 2023 itapimwa, pamoja na mengine, kwa jinsi itakavyomfikia dereva wa bodaboda aliye katika hali hiyo.

Mgonjwa aliyepona bila upasuaji huondoka akiwa na kiungo ambacho bado kinaunga. Kwa kawaida huambiwa ajiepushe na michezo ya kugongana na kazi nzito kwa wiki 6 hadi 12, kutegemea daraja, na ushauri huo unagusa riziki moja kwa moja: anayepakia mifuko ya saruji ya kilo 50 au anayeendesha pikipiki kutwa katika barabara za vumbi hawezi kukaa miezi mitatu bila kipato kwa sababu tu ameambiwa na daktari, na ni afadhali kulizungumza jambo hilo pamoja na ndugu zake kabla hajaondoka wodini kuliko kumkuta kazini wiki ya pili. Wiki mbili za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa zaidi ya bandama kupasuka upya. Aliyetolewa bandama naye huhitaji chanjo dhidi ya nimokoka, meningokoka na hemofilasi, chandarua kila usiku, na maelezo ya wazi kwamba homa yoyote, hata ya siku moja, ni ya kwenda hospitali mara moja na kumwambia mhudumu kuwa hana bandama. Katika hali zote mbili karatasi ya kuruhusiwa inapaswa kubeba maneno machache ya kweli: daraja la jeraha, tarehe ya picha, kama mshipa ulijeruhiwa, kama bandama ipo au imetolewa, na chanjo zilizotolewa. Mgonjwa akiamka siku ya tisa na maumivu ya bega la kushoto, atakwenda kwanza katika kituo cha afya kilicho karibu na kwake, Tegeta au Wazo, ambako hakuna CT wala faili lake, na karatasi hiyo ndiyo itakayomwezesha tabibu wa zamu kujua kwamba gari la wagonjwa liitwe sasa, si asubuhi.